Bakuli la Ijumaa

Harufu ya chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, ikichemka kwenye maziwa, kwangu ni harufu ya Ijumaa jikoni kwa mama. Alikuwa akipika chakula cha Sabato kabla jua halijatua, na bakuli la kwanza tulimpelekea jirani, mjane mgonjwa aliyeacha kanisa tangu amzike mwanawe. Mama hakumhubiria hata siku moja. Alimlisha, akamchana nywele, tukarudi.

Siku moja mjane alikataa kuliachia bakuli. “Mwanangu, kila wiki unaondoka nalo tupu. Naona aibu.”

Mama akaketi sakafuni, vidole vyake vyeusi kwa kuchuma majani chai. “Basi niombee. Siku hizi mimi nikiomba, naona kama hakuna anayenisikia.”

Mjane akafumba macho. Akaanza, akakwama, akaanza tena. Ijumaa iliyofuata tulikuta watu wamejaa uani kwake, wanalia.

Leo nimepika chinsaga katika chumba changu cha kupanga, mjini, karibu na soko la Daraja Mbili. Jirani amekuwa akikohoa nyuma ya ukuta tangu Jumatatu. Jina lake silijui. Nimepakua bakuli moja, nikafunga mlango, nikala.