Saba ya Wifi Yangu

Kichwa cha mama yangu kilikuwa changu. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kwetu Azaiba, huku kwa Waarabu, yeye huketi kwenye zulia na mimi kwenye kochi nyuma yake, nikampaka mafuta ya nazi na kumsuka. Ndugu zangu wote ni wanaume, kwa hiyo sikuwa na mshindani, mpaka kaka yangu alipooa huko Slovakia alikokwenda kusoma.

Wifi yangu ni Mroma, si wa jiji la Roma bali wa kabila la Waroma wa huko Ulaya. Kiswahili amefundishwa na kaka. Ijumaa yake ya kwanza kwetu alikaa karibu akitutazama, na mama akamuuliza nywele kwa lugha ya kwao zaitwaje.

"Bal," akajibu.

Mama akageuka ghafla, nywele zikanitoka mkononi. "Mbona hiyo Kihindi?"

Alikulia Unguja, mlango kwa mlango na Wahindi, na maneno yao anayo mpaka leo. Mimi hakunifundisha hata moja. Akagusa pua: nak. Sikio: kan. Akaonyesha maji: pani. Yote wifi aliyajua. Akaeleza kwamba wazee wake walitoka Bara Hindi zamani mno, wakahama nchi baada ya nchi hadi Ulaya. Basi wakaanza kuhesabu, mmoja Kihindi, mwenzake Kiroma, huku wanacheka. Nikavuta kitana kwa nguvu.

Kwenye saba wakaachana. Mama alisema sat, wifi akasema efta. Nilifurahi, sifichi.

"Hicho si Kihindi tena," nikasema.

"Ni Kigiriki," wifi akajibu. "Wazee wetu walikaa sana kwa Wagiriki. Saba, nane na tisa tulizichukua huko."

Mama akahesabu kwa vidole. "Kama sie tu," akamwambia. "Sita, saba na tisa zetu za Kiarabu. Nyingine mpaka kumi ni zetu wenyewe."

Nimehesabu hivyo maisha yangu yote, na hajapata kuniambia mimi.

Kichwa kilikuwa kimesukwa nusu. Mama akainuka, akasogea kwa wifi na chupa ya mafuta.

"Mwachie mwenzio amalizie, mwanangu. Nna mengi ya kumuuliza."

Wifi alinitazama kwanza. Nikampa kitana. Na mama, ambaye kwangu hulalamika tangu mwanzo hadi mwisho, hakusema hata mara moja kwamba anaumizwa.