Bustani ya Dawa Juu ya Mawe

Watu wanaosema kwamba Goma hapawezi kuota kitu juu ya mawe, mimi huwa ninawaangalia tu. Mutu anashuka kwenye kamio, anatazama mawe meusi chini ya viatu vyake, anatingisha kichwa na kuuliza, "Hapa munakula nini?" Mimi nimeotesha dawa juu ya mawe hayo, mbele ya macho ya masera, mutawa wa kike wa misioni, na waashi wake, na nitalisema hilo mpaka siku watakayonizika. Wajukuu wangu wanasema ninajisifu. Ndiyo, ninajisifu! Nani mwingine atanisifu kwa kazi ambayo hakuiona?

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa mwanamuke kijana, nimetoka milima ya Masisi kuolewa Goma. Mutaa wa Mabanga wa leo, nyumba imebanana na nyumba, haukuwa hivi. Ulikuwa unaona mawe, majani makavu, na vishamba vidogo watu walivyovilima kati ya jiwe na jiwe. Kule Masisi mama yangu alikuwa na bustani ya dawa nyuma ya nyumba yake, na vilima vyote vya jirani viliijua. Mutoto akikohoa, wanakuja kwa mama. Ng'ombe akikataa kula, wanakuja kwa mama. Mimi niliolewa nikiwa ninazijua dawa zake kwa harufu, hata ukinifunga macho.

Sasa, nyuma ya dispanseri ya Goma palikuwa na kiwanja kitupu. Masera aliyeongoza dispanseri, muzungu murefu, mukali lakini mutu wa haki, alitaka kujenga pale mahali pa kufulia mashuka. Mimi nilikuwa ninaenda pale na watoto wa jirani, na nilikuwa ninaona kitu kimoja kinachonichoma moyo: wagonjwa walikuja na majani yamefichwa ndani ya kikwembe, wakayatafuna wamegeukia ukuta, wakiogopa kufokewa. Majani ya mama yangu, yanaliwa kwa kujificha kama kitu cha wizi! Ilinikasirisha kabisa. Siku moja nikamufuata masera, nikamuomba kile kiwanja nipande dawa za milimani, zisimame mahali pa wazi, kila mutu azione.

"Mama, hapo ni jiwe tupu," akaniambia.

"Masera, jiwe ninalijua."

Alikuwa anaenda Bukavu majuma matatu. Akasema, "Nikirudi, nikikuta aina saba zimesimama hai, kiwanja ni chako. Zisipofika saba, waashi wanaanza siku ileile." Na waashi hawakuwa mbali. Mitarimbo yao ilikuwa imekwisha kuegemezwa ukutani.

Kwenda Masisi kwa mama na kurudi kwa miguu kungekula siku nyingi mno, na upande ule kamio zilikuwa za kubahatisha. Lakini nilikuwa na marafiki wawili. Wa kwanza tulimuita mama wa Kalengera, maana kwao ni kule, kwenye barabara ya Rutshuru. Alitupita umri, alikuwa mukunga, muzalishaji wa wanawake, na alikuwa na mudomo! Wa pili alikuwa muke wa shofere. Mume wake aliendesha kamio ya mufanyabiashara mumoja, akipeleka chumvi na vitambaa Rutshuru na kurudi na kahawa.

Muke wa shofere nimuelezeje? Alikuwa mwanamuke safi kupita wote katika Goma. Kule fuaye, walikotufundisha wanawake kushona na usafi, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kila mara. Kikwembe chake hakikuwa na doa, mvua inyeshe, isinyeshe. Alikuwa anauza karoti na vitunguu vya puaro kwenye milango ya wazungu kando ya ziwa. Alizisugua kwa burashi moja moja, akakata vimizizi vyote, akafunga mafungu kwa kamba ya mugomba, na wazungu walikuwa wanamungojea yeye tu. Tulimucheka: "Wewe, siku moja utaosha hata udongo wenyewe." Naye alicheka pamoja na sisi.

Basi tukapanda kamio ya mume wake, sisi watatu juu ya magunia ya chumvi, tunaimba. Kibumba tulishuka na baridi yake ile inayoingia mpaka kwenye meno. Mama wa Kalengera alijua pale bikizee mumoja mwenye bustani iliyozungushiwa miiba. Kwetu dawa haiombwi kwa haraka. Unasalimia, unaeleza wewe ni mutoto wa nani, unakaa chini. Na mwenye bustani akikubali, hakupatii mukononi. Anaing'oa yeye mwenyewe, anailaza chini, wewe unaiokota. Usiseme aksanti, maana ukishukuru, dawa inahesabu kwamba kazi yake imekwisha. Bikizee alitulazia sitroneli, yale majani ya kunukiza chai, na vijiti vya mubirizi, ule muchungu wa homa. Muke wa shofere akafungua kinywa, "Ak..." na mama wa Kalengera akamufinya paja mpaka akaruka. Tulicheka njia yote hadi Rumangabo.

Siku ya pili tukatoka Kalengera kwa miguu kwenda kuona pepinieri, bustani ya miche ya serikali, upande wa Rutshuru. Moniteri, musimamizi wa miche, alikuwa kijana mwenye kaptula nyeupe na kalamu sikioni. Akasimama kwenye mulango, "Hapa si soko, mama zangu. Rudini."

Mama wa Kalengera akashika kiuno. "Wewe! Mimi ndiye niliyekupokea siku uliyozaliwa. Nilikufuta kamasi kwa hiki kidole. Leo unanifungia mulango?"

Kijana wa watu alifungua, hata kalamu ikamuanguka. Na mimi, ee, niliyoyaona mule sijayasahau. Miche ya kahawa kwa mistari, miche ya kenkina, ule muti wa kinini, chini ya kivuli cha majani ya mulimani, na kila muche umekaa ndani ya kikopo cha ganda kavu la mugomba, limekunjwa na kushonwa kwa kijiti. Hakuna muzizi uliokuwa unaona jua. Nilijua papo hapo kwamba kwa njia hiyo dawa zangu zitasafiri. Nikajiambia, wewe mutoto wa Masisi, leo umeiba elimu ya serikali kwa macho yako. Nilitoka mule nimevimba kichwa.

Kalengera ndiko tulikopata zilizobaki, kwa mama muzazi wa rafiki yetu: muravumba wa kikohozi, kikakarubamba chenye majani mazito na utomvu muchungu, mwisheke wa minyoo, mwenya unaonukia, na ile ya kutambaa ambayo mama yangu aliiita tu ile ya vidonda. Saba kamili! Tulikunja maganda ya mugomba, tukajaza udongo mweusi wa pale, tukashona. Mvua ilitukuta barabarani, tukaikinga miche kwa vikwembe vyetu, sisi wenyewe tukaloa.

Tulifika Goma tumechoka. Kwa muke wa shofere palikuwa na kivuli na maji ya ziwa karibu, kwa hiyo tukaiacha miche kwake, tukaenda kulala. Asubuhi nilirudi na kitunga changu. Nikamukuta amekaa mulangoni, uso unang'aa kwa furaha.

"Angalia!" akasema.

Nikaangalia. Eh, Mungu wangu. Alikuwa ameamuka alfajiri, akaenda ziwani, akafungua kila kikopo. Udongo wote ameuosha. Vimizizi amevikata sawasawa kwa kisu. Dawa zangu zilikuwa zimefungwa mafungu saba kwa kamba ya mugomba, zinang'aa, ungesema zinaenda kuuzwa kwa madamu wa kizungu.

"Sikutaka masera aone uchafu," akasema. "Aseme wanawake wa milimani ni wachafu? Hapana."

Mimi ni mutu wa hasira, siwezi kuficha. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikamuambia, "Hii si karoti! Umeniulia dawa ya mama yangu! Rudi kwa wazungu wako na burashi yako, usinifuate tena!" Alinitazama, machozi yakamujaa, akaingia ndani akafunga mulango. Na mimi nikaokota mafungu yangu nikaondoka, bila hata kufikiri kwamba alichokifanya alikifanya kwa ajili yangu.

Kiwanja nilikuwa nimekwisha kukitengeneza. Nilivunja mawe kwa nyundo ya mume wangu, nikabeba udongo kitunga kwa kitunga kutoka upande wa Katoyi, nikajaza mashimo saba. Nikapanda. Muravumba na mubirizi ni miti yenye roho ngumu, kijiti tu kinaota. Kikakarubamba hakijali kitu. Sitroneli ilinyauka, kisha ikainuka. Lakini mwisheke, mwenya, na ile ya vidonda, siku ya nne zilikuwa zimelala kabisa. Nilizimwagilia, nikazisemesha, nikazikemea. Bure.

Mama wa Kalengera alikuja, akaona mashimo matatu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kando ya barabara majani yamejaa. Chomeka matatu. Masera atajua nini? Kwake jani ni jani."

"Mugonjwa akija akayala?"

Akang'oa jani kavu la mwenya, akalitupa.

"Hapana," nikasema. "Nikishindwa, nitashindwa na dawa za kweli."

Maneno makubwa, lakini moyoni nilikuwa nimevunjika. Nilikwenda kwa muke wa shofere kuomba musamaha. Mulango umefungwa. Mume wake alikuwa ametumwa Bukavu na tajiri wake. Majirani wakaniambia mwenye nyumba ameondoka na kitunga, hakusema anaenda wapi. Nikarudi tena kesho yake, na kesho kutwa. Nikaamini amekwenda kwao, na kwamba nimemupoteza kwa sababu ya majani. Sijawahi kujiona mubaya namna ile.

Masera akarudi. Ilikuwa asubuhi ya mvua nyembamba. Alikuja kiwanjani na kanzu yake nyeupe, na waashi wanne nyuma yake, wameshika mitarimbo. Akatembea polepole kutoka shimo hadi shimo. Aliinama, akakata jani la muravumba, akalinusa, akalirudia tena kulinusa. Niliona limemupendeza. Lakini alifika kwenye mashimo matatu matupu, akasimama.

"Hapa?"

"Zilikufa, masera."

"Tulisema saba."

"Ndiyo. Tulisema saba."

Sikuomba. Kuomba kulinikataa kinywani. Niliona mwashi mumoja akitema mate mikononi, tayari kwa kazi, nikafikiri juu ya mama yangu, na wale watu waliogeukia ukuta.

Ndipo mama wa Kalengera, aliyesimama karibu na lango, akapiga ukelele, "Yewe! Muangalie!"

Mwanamuke alikuwa anaingia. Matope yalikuwa yamemufika magotini, kikwembe kimepasuka upande mumoja, uso una udongo, nywele zina udongo. Kichwani alibeba ganda zima la mugomba lililofungwa, na maji meusi yalikuwa yanamudondokea shingoni, wala hayafuti. Waashi wakamupisha. Alinipita bila kunitazama, akapiga magoti kwenye lile shimo tupu la kwanza, akafungua muzigo. Mwisheke. Mwenya. Ile ya vidonda. Kila moja na donge lake la udongo, kubwa kama kichwa cha mutoto, hakuna muzizi hata mumoja uliopungua. Akazipanda kwa mikono yake, akashindilia.

"Nilichungulia hapa nikaona tatu zimelala, nikarudi Kalengera. Kamio ya kahawa niliyoipanda ilivunjika Kibumba," akasema, bado ameinama. "Nikateremuka kwa miguu."

Masera alitazama lile shimo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akawageukia waashi, akawaambia mahali pa kufulia pataenda upande wa pili wa nyumba, wachukue mitarimbo yao. Akamuita mufanyakazi alete ndoo ya maji, mama huyu aoshe miguu.

Ndoo ikaletwa. Muke wa shofere akaishika, akaimwaga yote kwenye mashimo matatu, mpaka tone la mwisho.

"Miti kwanza, masera," akasema.

Masera alikuwa anamuona kila juma akipita na karoti zake, lakini siku ile hakumutambua. Akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huyu mama ni nani?"

Nikajibu kwa sauti ambayo waashi wote waliisikia, na wagonjwa wote waliokaa barazani, na yeye mwenyewe pale chini kwenye matope.

"Ni rafiki yangu."