Gogo la Remorke

Remorke ya baba haikuwa na breki. Fundi wa jirani aliichomelea kwa vyuma vya gari lililokufa, ikafungwa nyuma ya pikapu yetu kama tela, na breki yake ilikuwa mama.

Kila Jumamosi tulitoka Bukavu kwenda Walungu kuchukua mbao. Njia ikiwa kavu, mama alikaa mbele pamoja nasi kama mtu. Mvua ikinyesha na udongo ukalainika, baba alimteremsha chini ya kila mlima. Alitembea nyuma ya remorke akiwa amekumbatia gogo la mkaratusi lililochongwa upande mmoja. Honi ikilia, maana yake gari limeshindwa kupanda, na mama alipaswa kulisukuma gogo chini ya gurudumu kabla remorke haijatuvuta sote bondeni. Mimi nilibaki ndani, mkavu, nikiona haya na kufurahi kwamba si mimi.

Sitamsingizia baba, kuendesha alijua. Mbao nzito alizilaza mbele, karibu na kulabu, maana remorke yenye mkia mzito huyumba na kuliyumbisha gari. Mteremkoni alishuka na gia ya kwanza, mguu mbali na breki. Akipanda hakusimama, hata askofu angempungia mkono.

"Remorke iko sawa na mulevi," aliniambia. "Ukimushtua, anakuangukia."

Upole wake wote aliumalizia kwenye usukani. Nyumbani alifika mikono mitupu.

Siku moja, nikiwa mwaka wa sita wa shule ya msingi, tulikwama katikati ya mlima. Baba akapiga honi. Gari likarudi nyuma kidogo, kitu kikagonga, tukasimama. Mama alilia mara moja tu. Baba akatoa kichwa dirishani, wala hakugeuka kabisa.

"Iko muzima?"

Katika Kiswahili chetu "iko" ni ya mtu na ni ya kitu, haichagui. Mama alidhani ameulizwa yeye.

"Niko muzima, papa."

"Ni gogo minauliza."

Gogo lilikuwa zima. Vidole viwili vya mama vilikuwa vimesagika, na hadi leo havikunjiki. Sufuria anaishika kwa mkono wa kushoto. Baba alilisifu lile gogo mpaka tukafika nyumbani, eti mkaratusi wa zamani ulikuwa mti kweli. Nilimchukia siku hiyo na sijaona sababu ya kuacha.

Sasa macho ya baba yamefifia na usukani ni wangu. Nafanya kazi ofisini, mtaa wa Muhumba, na wenzangu huniona mtu mpole. Mwezi uliopita tulikwenda Walungu, sisi watatu, kuchukua mbao za kuezekea jiko la mama. Tukirudi, mvua ikatukuta. Nilisimamisha gari kwenye tambarare, chini ya mlima uleule. Tungeweza kungoja njia ikauke. Nilijua hivyo, na baba alijua hivyo miaka yote ile.

"Papa, shuka," mama akasema taratibu. "Leo ni zamu yako."

Baba alidhani anataniwa. Akanigeukia mimi, mtoto wake, nimwokoe. Nikachukua kitambaa nikapangusa kioo, ingawa kilikuwa safi. Akashuka.

Nilipanda kwa gia ya kwanza, bila haraka, kama alivyonifundisha. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona na gogo kifuani, mdomo wazi. Katikati ya mlima matairi yakaanza kuzunguka bure. Nikapiga honi. Remorke ikaanza kuturudisha nyuma, na nikajua kwamba yule mzee akichelewa tumekwisha, mimi na mama pamoja na mbao zake. Mama hakushika popote. Vidole vyake vibovu vilitulia mapajani.

Kitu kikagonga. Tukasimama. Kwenye kioo baba hakuwepo.

Hapo niliogopa kweli. Nilitaka kushuka, lakini mguu wangu ulikuwa kwenye breki na sikuthubutu kuutoa. Mama akateremsha kioo cha upande wake, akatoa kichwa, wala hakugeuka kabisa.

"Iko muzima?"

Kisha sauti ya baba ikatoka matopeni, nyembamba, na ilikuwa na furaha ya mtu ambaye hakutarajia kuulizwa.

"Niko muzima, maman."

"Ni gogo minauliza."

Nilicheka. Padri sijamwambia, nawaambia ninyi. Nilicheka huku nikimwona baba kwenye kioo akiinuka kwa magoti, matope mpaka kwenye nyusi. Akainama tena kwenye gurudumu, akalipapasa gogo upande huu na upande ule kwa vidole, kwa kuwa macho yake hayaoni ufa.

"Iko muzima," akasema.