Nguzo Alizochonga Rahab

Rahab wa Kabazi alikuwa mtu wa kushukuru mpaka akachosha. Alishukuru mvua, akashukuru jua, na siku aliyoonyeshwa ekari zake kwenye shamba la mzungu lililogawiwa wananchi, mwaka wa 1965, alipiga magoti palepale kwenye tope na rinda lake la kanisani. Katika miaka ya sabini alikuwa na pipa lake la kutilia nguzo dawa, na aliyekwenda kununua nguzo kwake alisimuliwa kwanza kisa hiki, apende asipende.

Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Wachuka. Mali yake kubwa ilikuwa ng'ombe mmoja wa gredi, yaani wa maziwa wa kizungu, na ng'ombe wa aina ile asipozungushiwa ua akachangamana na wa barabarani, homa ya kupe humaliza kazi kwa wiki moja.

Ua ni nguzo. Babake Rahab alitumia mwerezi. Aliuchonga ncha, akaibabua ncha motoni mpaka ikawa nyeusi, kisha akaigongomea ardhini. Baba alizikwa, nguzo zikabaki zimesimama. Lakini mierezi ilikuwa imekatwa yote, ikabaki mikaratusi, mti unaokua upesi na kuliwa na mchwa upesi vilevile.

Ndipo Rahab akaenda Nakuru kwa Harbans Singh, mwenye yadi ya mbao karibu na reli. Harbans alibambua magome, akaanika miti miezi mitatu, kisha akaisimamisha katika mapipa ya kreosoti ya moto, dawa nyeusi ya kuzuia mchwa, na kuiacha humo mpaka dawa ipoe, maana ni katika kupoa ndipo mti huinywa. Alikuwa mbishi, mti mbichi hakuuza hata ukimlilia. Alipompakilia Rahab nguzo zake alimwonya asizikate popote, kwa sababu dawa imeingia unene wa kidole tu, na huko ndani ni mti mtupu. Akarudia mara ya pili, na Rahab akaitikia kwa adabu.

Nyumbani alizitazama zile nguzo butu juu na chini, akazionea haya. Nguzo gani haina ncha? Mwacha mila ni mtumwa. Akanoa panga, akazichonga zote, akazibabua motoni, akaona amezidisha uzuri: dawa ya mjini na moto wa baba kwa pamoja. Mimi simcheki. Ningefanya vilevile.

Miaka mitatu baadaye, asubuhi moja baada ya mvua, alikuta seng'enge imelala chini na ng'ombe hayupo. Alipatikana katikati ya mifugo ya barabarani, na siku chache baadaye akashikwa na homa. Daktari wa mifugo alimwokoa, lakini ndama aliharibika tumboni na maziwa yakakauka.

Rahab alipandwa na hasira ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake. Kwenye josho, kanisani, sokoni Subukia, alisema Harbans anauzia watu maji meusi. Watu walimwamini haraka, kwani mtu anayeshukuru kila kitu akilalamika, huyo ameumia kweli. Haukupita muda, hakuna mtu wa Kabazi aliyekanyaga tena yadi ile.

Harbans akaja mwenyewe na pikapu yake kuukuu. Majirani walikusanyika, mbele yao Mathenge, mwenyekiti wa josho. Harbans aliomba jembe, akafukua nguzo moja na kuikung'uta udongo. Juu ilikuwa nzima. Chini, pale panga lilipopita, mchwa walikuwa wamekula moyo wote na kuacha unga.

Rahab aliona, akaelewa. Harbans naye aliitazama ile ncha, akamtazama Rahab, akawatazama watu. Kisha akailaza nguzo polepole, ncha ikafichika ndani ya nyasi.

"Makosa ni yangu, mama," alisema. "Hii kitu sikueleza vizuri. Nitaleta zingine."

Mathenge aliridhika, na watu wakaanza kutawanyika. Mambo yalikuwa yamekwisha. Rahab angepata nguzo mpya, jina lake lingebaki safi, na kilichohitajika ni yeye kunyamaza tu. Alijaribu kunyamaza. Hakuweza. Akainama, akaiinua ile nguzo na kuwaonyesha ncha.

"Mzee Mathenge, ngojeni. Huyu mtu alinieleza. Alinieleza mara mbili, na mimi nikaenda nikachonga na panga yangu. Ng'ombe yangu karibu niue mwenyewe."

Mathenge akakohoa, akauliza kwa sauti ya chini je, nguzo zake mwenyewe zitakuwaje, maana na yeye alikuwa amezichonga. Watu wakaangua kicheko, na Rahab akacheka huku machozi yanamtoka.

Harbans hakucheka. Alingoja mpaka majirani walipokwenda zao, akafuta mikono kwa kitambaa, mara moja, mara ya pili.

"Asante sana, mama," alisema. "Wiki jana binti yangu aliulizwa shuleni kama baba yake ni mwizi. Alikuja kuniuliza mimi."

Rahab, aliyejua kumshukuru kila mtu, hakuwa amezoea kushukuriwa yeye. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia apite ndani, chai iko tayari. Haikuwa tayari. Aliingia jikoni kuwasha moto.