Taya Langu Linashikana Tena na Mume Wangu Hajui Sababu

Msomaji wetu huyu wa Malindi ametuomba tumsitiri jina, nasi tumemsitiri. Barua ni yake, someni mpaka mwisho kabla ya kumhukumu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Takaungu, nimeolewa hapa Malindi na nina mimba ya miezi minne.

Nilipokuwa na miaka mitano nilianguka ngazini, kidevu kikapiga jiwe. Kidonda kilipona, lakini kiungo cha taya kilishikana na mfupa wa kichwa, kinywa kikafunga. Nimekua kwa uji na mchuzi, nikivuta kwenye pengo la jino lililong'olewa makusudi ili nisife njaa. Kidevu hakikukua, watoto wakaniita ndege. Nikisema, mamangu ndiye aliyekuwa akiwafasiria watu. Siku moja nilishikwa na malaria nikatapika, matapishi yakakosa pa kutokea, nikazimia mikononi mwake.

Nilipofika miaka ishirini na miwili nilipasuliwa taya katika hospitali kubwa. Ndugu zangu, hamwezi kujua raha ya kupiga mwayo. Baada ya miezi michache nilitafuna mkate wa mofa, mamangu akatoka uani kulia. Nikaanza kusema mwenyewe, nikasomesha watoto Kurani chuoni, na mwaka uliofuata nikaposwa na fundi cherehani, mtu mpole asiyenikera hata kwa neno.

Sasa nawaambia nisilomwambia mtu. Daktari alinipa vijiti bapa vya mbao nivipange katikati ya meno asubuhi na jioni, kimoja juu ya kingine, mpaka kinywa kipanuke. Alinionya nikiacha, mfupa utashikana tena. Yale mazoezi yanauma, machozi yanatoka, udende unachuruzika mpaka shingoni. Nilipoolewa niliona haya. Sikutaka mume wangu aone kile kiumbe nilichokuwa. Nikavificha vijiti chini ya kanga sandukuni, nikajidanganya kuwa nimeshapona.

Leo hata kijiko cha chai kinapita kwa shida. Kichefuchefu cha mimba hakijaniachia. Kila nikihisi tumbo linapanda nakimbilia uani, nainama, naomba Mungu, nikikumbuka ile siku ya malaria.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Alisema nipasuliwe mwezi huu au ujao, wakati mimba imetulia, na wao watakuwa waangalifu na mtoto. Nikisubiri nizae, huenda nisiweze kufungua kinywa kabisa, na nikitapika nitakabwa. Lakini anataka mume wangu aje atie sahihi.

Mume wangu amekataa. Anaamini wale madaktari ndio walioniharibu mara ya kwanza, na hivyo ndivyo anavyowaambia watu barazani. Juzi alinishika mkono akaniambia, "Mke wangu, siwezi kukurudisha kwa watu waliokufanya hivi. Nitakusagia chakula mpaka tuzeeke."

Nilitaka kusema, "Si wao, ni mimi." Maneno hayakutoka, na safari hii haikuwa kwa sababu ya taya.

Mamangu naye, aliyekaa siku tatu chini ya kitanda changu cha hospitali, ameapa hataki kuiona tena ile damu. Akijua kuwa jasho lake lile lote nimelipoteza kwa haya ya ndoa mpya, sijui atanitazama vipi.

Nikimwambia mume wangu ukweli, pengine atatia sahihi. Lakini atajua pia kwamba miaka miwili nimelala naye kitanda kimoja bila kumwamini, na kwamba nimewaacha watu wasio na kosa wakitukanwa. Nikinyamaza, naogopa nitakufa na kiumbe kisicho na hatia tumboni.

Nyinyi wanawake mlio na waume, na nyinyi waume, nishaurini. Jambo kama hili mngependa mwambiwe vipi? Siku zinakwenda, na kwa sasa bado naweza kusema kidogo.