Meza ya Husna wa Mkata

Pale Mkata, mabasi yanaposimama na wauza mahindi ya kuchoma wanapoyakimbilia madirisha, kuna steshenari yenye mlango wa bluu. Ni ya Husna, mke wa Hussein dereva wa lori. Mchana kutwa anatoa fotokopi, anachapa barua za watu, anapiga picha za pasipoti. Ukimkuta hapo, mtandio umekaa sawasawa na kalamu iko sikioni, hutadhani kwamba kwa miaka mingi dada huyu alikuwa na hamu ya kitu ambacho pale Mkata hapakuwa na hata mtu mmoja wa kumweleza akaelewa.

Hamu hiyo aliipata Korogwe, alipokuwa akisomea uhazili. Bwenini alikaa chumba kimoja na Joyceline, binti wa Kishambaa mwenye kicheko cha kusikika hadi jikoni. Joyceline ndiye aliyemfundisha mchezo wa hadithi mezani. Mnakaa watu wanne, watano. Mmoja anakuwa msimulizi: anawaambia mko wapi na mmekutana na nini. Wengine kila mtu ana mhusika wake, na yeye ndiye anayeamua mhusika huyo aseme nini na afanye nini. Jambo likiwa gumu mnarusha dadu yenye pande ishirini, na namba inasema kama mmefaulu au mmeumia. Hakuna anayemshinda mwenzake; mkipona mmepona wote. Jumapili zao za Korogwe ziliishia humo, na Husna, ambaye darasani alikuwa hanyanyui mkono, mezani aliwahi kuongoza jeshi zima kuvuka jangwa.

Kisha chuo kikaisha. Joyceline akabaki Korogwe, Husna akaolewa Mkata, akafungua duka, akajifungua, akalea. Dadu zikakaa kwenye kopo la pipi juu ya kabati.

Mwaka juzi akaamua basi, atatafuta watu. Akawaita majirani watatu nyumbani kwake, nyuma ya duka, siku ya Jumapili alasiri: Shamsia, msusi wa saluni ya pembeni, Simeo, fundi seremala aliyeshuka kutoka milimani, na Sabiri wa bodaboda. Akapika maandazi. Akawachapia karatasi za wahusika, kurasa mbili mbili, kama zile alizotumia chuoni: vijumba vidogo juu hadi chini, vyote vya kujazwa namba, na maneno yote Kiingereza.

Simeo aliigeuza yake huku na huku. "Dada Husna, hii ni fomu ya mkopo?"

"Hapana, ni mtu wako. Hapa unaandika nguvu zake. Halafu unatoa kumi, unagawanya kwa mbili, unaandika hapa. Halafu unajumlisha na hii ya huku."

"Na huyu mtu wangu atafika lini?" akauliza Sabiri.

Wakajaza, wakafuta, wakajaza tena. Shamsia akakosea akaanza upya. Maandazi yakaisha. Husna akawa anazunguka kutoka bega hili kwenda lile kama msimamizi wa mtihani, akieleza jambo lilelile kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Dadu zilikuwa katikati ya meza, hazijaguswa, mama mkwe wake alipoingia kuchukua ndoo.

Bi Maryamu ni mkulima wa mihogo na mahindi, mama aliyezoea kusikilizwa. Akaziona dadu. Akasimama.

"Dadu? Humu nyumbani mwa mwanangu?"

"Shikamoo mama. Ni za mchezo tu, mama."

"Hata wanaofilisika huanza kwa mchezo tu." Akachukua ndoo yake akatoka.

Sabiri akakumbuka abiria. Shamsia akasema ana kichwa cha kusuka. Magharibi ilipoadhiniwa hapakuwa na mtu, na hadithi ambayo Husna alikuwa ameitunga kwa mwezi mzima haikusemwa hata neno lake la kwanza. Alikusanya zile karatasi, machozi yakimlengalenga, akazigeuza, akaanza kuwachapia wateja upande wa nyuma.

Joyceline alipopiga simu na kusikia habari hizo, hakucheka, jambo ambalo kwake ni nadra.

"Mwenzangu, wewe unawalisha watu mifupa kabla ya nyama," alisema. "Siku hizi kuna programu za simu za kutengeneza mhusika. Zenyewe zinakuuliza maswali, wewe unajibu, hesabu zinapiga zenyewe. Hata dadu imo ndani. Na ipo moja inayokuruhusu kubadilisha maneno yote."

"Yote?"

"Yote. Andika hata Kizigua ukitaka."

Husna akaipakua. Siku zilizofuata, mteja akitoka anaandika, mteja akiingia anaacha. Aliondoa kila neno la Kiingereza. Akaweka Nguvu, Wepesi, Uvumilivu, Akili, Busara, Mvuto. Mapanga ya kigeni akayatoa akaweka mikuki, pinde na sime. Kazi za wahusika akazifanya zile anazozijua mtu wa Handeni: mwindaji, mhunzi, mganga wa mitishamba, mpiga zeze, mchukuzi wa misafara. Na pale programu ilipokuwa ikianza kwa kuuliza namba, yeye akapanga ianze na swali moja tu, kwa herufi kubwa: *Unataka kuwa nani?*

Akawaita tena wale watatu. Walikuja kwa kumwonea aibu, si kwa hamu. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Simu zenye uwezo wa programu hiyo zilikuwa mbili tu, wakapokezana. Lakini safari hii Simeo alisoma swali, akatabasamu, akabonyeza mpiga zeze. Simu ikamuuliza mtu wake ni mpole au mkali, ni wa kukimbia au wa kusimama. Akajibu. Namba zikajipanga zenyewe. "Mbona tayari?" akasema, akiitazama picha ya mtu wake kama aliyeletewa mgeni asiyemtarajia. Chai ilikuwa bado ya moto kikombeni.

Na Husna, kwa mara ya kwanza tangu aondoke Korogwe, akavuta pumzi akasema, "Mko kwenye msafara. Jua kali. Mmebeba chumvi ya kijiji kizima, na mbele yenu kuna mto, na juu ya daraja limeketi zimwi."

Hapo ndipo Bi Maryamu alipotokea mlangoni. Alikuwa amesikia mlio wa dadu kwenye simu ambayo Sabiri alikuwa akiijaribu.

"Sasa mmehamia kwenye simu," alisema. "Nayajua haya. Vijana wa Mkata wamekwisha kwa mikeka ya kamari ya mpira, na wewe unawafungulia kituo nyumbani kwa mwanangu."

Shamsia akainamisha macho. Sabiri akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki. Husna hakuinuka, wala hakufunga simu.

"Mama, hakuna mkeka hapa. Hakuna aliyeweka hata senti."

"Basi mnashindania nini?"

"Hatushindanii. Tunataka kuvuka daraja, zimwi limekaa juu yake."

Bi Maryamu akatazama uso mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta muhogo mbovu kwenye fungu. "Zimwi gani?"

"Keti mama, ulione," akasema Husna, akamvutia kiti. Akashika simu yake mwenyewe, akamsomea lile swali la kwanza. "Unataka kuwa nani?"

"Mimi ni Maryamu binti Sadala, nitakuwa nani mwingine?"

"Humu ndani ya hadithi, mama. Yeyote umtakaye."

Mama yule akaketi, akageuzia uso dirishani. Nje basi lilipiga honi, likaondoka. Husna alidhani ameudhika.

"Nataka mtu mwenye magoti mazima," akasema Bi Maryamu mwishowe.

Hakuna aliyecheka. Husna akapandisha Wepesi hadi mwisho.

"Ana umri gani, mama?"

"Kumi na tisa. Anaitwa Mwajabu. Mwindaji." Kisha akaongeza, taratibu, "Baba alikuwa anawachukua kaka zangu porini. Mimi naachwa na mchi. Na nilikuwa nakimbia kuwashinda wote."

Husna ameishi na mama huyo miaka mingi, amempikia, amemuuguza, na hilo hakuwahi kulisikia. Akaliandika kwenye simu, mahali pa historia ya mhusika, neno kwa neno. Angekuwa na ile karatasi ya vijumba, asingelipata kamwe. Macho ya Bi Maryamu hayaoni tena herufi ndogo, na fahari yake isingemruhusu kusema hivyo.

Mchezo ukaendelea. Sabiri, mchukuzi, alitaka kupita kwa nguvu, zimwi likamtupa kichakani. Simeo akapiga zeze, zimwi likapiga mwayo. Wote wakamgeukia Mwajabu mwenye upinde.

"Nalisogelea," akasema Bi Maryamu.

"Unalipiga mshale, mama?"

"Kwa nini nilipige? Nauliza: wewe, leo umekula?"

Husna akakaza sauti, akawa zimwi. "Sijala tangu masika."

"Na hiyo ndiyo hasira yako yote? Mimi nimeuza mihogo stendi miaka mingi, mwenye njaa namjua kwa macho. Sogea. Nitakuachia nusu gunia la chumvi, na kila msafara utakaopita utakupikia ugali. Lakini ukila mtu hata mmoja, chumvi naichukua na daraja nalivunja."

"Jambo zito hilo, mama," akasema Husna. "Ili likubali, ipatikane kumi na nane au zaidi. Bonyeza hapo."

Bi Maryamu akakinyoosha kidole chake chenye sugu ya jembe, akabonyeza. Namba zikazunguka, zikapungua kasi, zikasimama.

Ishirini.

Shamsia alipiga vigelegele vya harusi. Simeo akaruka hadi kiti kikaanguka. Watu waliokuwa wakingoja basi wakachungulia dirishani kuuliza nani kapata mtoto. Na Bi Maryamu akajiegemeza kitini, akakunja mikono. "Liambie lisogee," akasema. "Tuna safari."

Tangu siku hiyo Jumapili ya Mkata ikawa na wenyewe. Wakaja watu wa Sindeni, wakaja walimu wawili wa Kwaluguru, na Husna akawa na desturi moja: mgeni haelezwi kanuni. Anapewa simu, anaulizwa anataka kuwa nani, na kabla hajajua kama anaweza au hawezi, yuko ndani.

Joyceline hakukubali jambo hilo libaki Mkata. Alikodi ukumbi Korogwe, akatangaza siku ya wageni. Husna akaenda na Shamsia, na Bi Maryamu akafuatana nao, amevaa doti mpya ya khanga, akisema anakwenda kusalimia ndugu.

Msimulizi mkongwe wa Korogwe ni Gerald, mtu mwema lakini mgumu. Alizitazama simu walizokuja nazo kutoka Mkata, nyingine za kuazima, akatikisa kichwa. "Dada, mchezo huu ni karatasi na kalamu. Asiyeweza kujaza karatasi hatadumu."

Zamani Husna angejibu "sawa kaka" akakaa kimya. "Labda," akasema safari hii. "Chukua wageni nusu, mimi nusu. Tuone nani atakaa."

Watu waliingia wengi kuliko viti: wanafunzi wa chuo, muuguzi na mdogo wake, mafundi wa gereji, mama mmoja na binti zake. Gerald akagawa karatasi. Husna akagawa simu, na upande wake Bi Maryamu akapita meza hadi meza. "Bonyeza mwanangu, haing'ati. Usiwaze unachokiweza. Sema unachokitaka." Muuguzi yule akasema anataka kuwa mhunzi. Binti aliyekuwa amejificha nyuma ya mama yake akasema kwa sauti ndogo kwamba anataka kuwa mfalme.

Chai ilipoletwa, meza za Husna zilikuwa zimekwisha kuvuka mito, kuzima moto na kugombana na mfalme. Upande wa Gerald vichwa vilikuwa vimeinamia karatasi, na viti viwili vilikuwa vitupu. Gerald aliyaona hayo. Kisha akaja, kikombe mkononi, akasimama mbele ya Husna.

"Hiyo ya Kiswahili," akasema, "inapakuliwaje?"

Husna akamwonyesha. Hakumkumbusha neno hata moja. Karatasi zikawekwa pembeni kwa wanaozipenda, na mchana huo ukumbi mzima ukacheza, hata wasimulizi hawakutosha, ikabidi Shamsia wa saluni apande kusimulia kwa mara ya kwanza maishani mwake, naye akasimulia kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

Jioni Husna alikuwa amesimama katikati, sauti imemkauka kwa kusimulia, Joyceline amemshika bega. Ghafla kona ya mbali ikalipuka kwa shangwe. Watu wamesimama, wanakumbatiana, mmoja amepanda juu ya kiti. Haikuwa meza yake. Hadithi hiyo hakuitunga yeye, na watu wale hakuwajua majina.

Akaenda mbio. "Nini? Nini kimetokea?"

Binti yule aliyetaka kuwa mfalme akamgeukia, macho yanawaka, akamvuta mkono. "Kaa dada, nikuhadithie tangu mwanzo."