Vile nilihamisha Lindi ndio tumuue Kenge

Wakuu, niaje.

Mimi huwa ni wa kusoma tu hapa, sijawahi kuanzisha uzi. Leo nimejikaza. Haya yote nimeyatoa kwa diary yangu, na pale nilidanganya watu nitasema nilidanganya.

Niko Form Three, tunaishi Lindi, hapa Kibera. Darasani mimi ndio yule mwalimu akiuliza swali anaanza kuchunguza kifuniko cha biro. Si ati jibu sijui. Najua. Sauti ndio hukataa kutoka.

Kwa simu mimi ni mtu mwingine kabisa. Tangu mwaka jana nacheza game moja ya online, zile za kuingia watu wengi, kila mtu na kazi yake, na level zinapanda mkisaidiana. Jina la game siweki, hii si tangazo.

Huko naitwa Uji Moto. Mimi ni healer. Nasimama nyuma kabisa naponya wale wanapigwa huko mbele. Ni kazi ya mtu wa haya, hakuna mtu anakuangalia.

Tuko kumi. Wengine huita kikundi kama hiki guild, sisi tunaita chama, kwa hivyo kiongozi wetu ni Chairman. Ni kinyozi huko Kawangware, na akiongea unasikia mashine ikinguruma kwa kichwa cha mtu.

Yule wa mbele, wa kupokea ngumi ndio sisi tusipigwe, ni Korosho. Ni Mtanzania wa Masasi. Anaongea Kiswahili safi mpaka unaona aibu na chako.

Sasa uongo wangu.

Watu wa chama huongea kwa mic wakicheza. Mimi kwa miezi nane niliwaambia mic yangu imeharibika. Mic ilikuwa nzima. Nilikuwa nawasikia wote wakitaniana, nacheka peke yangu kwa kiti, halafu naandika "haha". Korosho alikuwa ananiita kaka Uji. Sikumrekebisha.

Halafu tukafika kwa Kenge.

Kenge ni boss, yaani adui mkuu wa level, mjusi mkubwa kama jengo, hilo jina tulimpatia wenyewe. Anakaa kwa ukumbi wa mviringo. Akinguruma, sumu inajaa ukumbi wote isipokuwa sehemu moja, na hiyo sehemu inabadilika kila mara, ni moja kati ya tatu. Huwa na kamwanga kadogo hivi. Wale wa mbele hawakaoni, mkia wa Kenge umewaziba macho. Mwenye anakaona ni yule amesimama nyuma.

Yaani mimi.

Nilikuwa nawaandikia. Lakini mtu akipigana hana nafasi ya kusoma. Na hata akisoma, nikiandika "kushoto" kila mtu anakimbia kushoto yake, na wote wameangalia pande tofauti. Siku moja nikaandika "juu", nikimaanisha juu ya ramani. Watu tisa wakaruka. Wakaruka pamoja, wakafa pamoja.

Kenge akatushinda wiki tatu.

Ndio Chairman akatangaza. Season ya game inafungwa Jumapili jioni. Kama Kenge atakuwa bado anapumua, tunavunja chama na kuingia kwa chama kubwa ya wageni, hapa tunapoteza wakati tu. Na hiyo chama kubwa inachagua watu kwa interview ya sauti, kwa Kizungu.

Nilijua vile itaisha. Wengine wataitwa, mimi nitabaki nje.

Labda mtu atasema ni game tu. Sawa. Lakini wale tisa ndio watu pekee huuliza nimeenda wapi nikikosa siku moja. Shuleni nilikosa wiki nzima na malaria, nikarudi, deski mate wangu akaniuliza kama nilifanya homework.

Ijumaa nikafungua diary, nikachora ukumbi wa Kenge na zile sehemu tatu za kujificha. Mtu husahau namba, lakini hasahau mahali. Kwa hivyo nikazipatia majina ya huku kwetu. Ya juu kwa mchoro nikaita Lindi, kwa sababu ni nyumbani. Ya chini Kisumu Ndogo, pale Mum hunituma kununua omena. Ya kando Soweto. Nikapiga picha nikatuma kwa group, na chini yake nikaandika yale majina matatu.

Wakaipenda. Nikafurahi sana, mpaka Chairman akaandika: "Aliyechora ndiye ataita majina. Uji, tafuta mic. Hata ya kuazima."

Jumapili, kanisa ikiisha, nikaenda kwa Auntie Kawangware, kwa sababu kwake kuna wifi. Yeye alikuwa jikoni anasonga ugali. Mimi nikakaa sitting room, kwa zile viti zake za vitambaa, nikaingia kwa game. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha mic mpaka kikatoa jasho.

Nikabonyeza. "Nimepata mic," nikasema.

Ile mashine ya Chairman ilizimwa.

"Kumbe kaka Uji ni dada," Korosho akasema. "Samahani sana, dada. Miezi yote hii."

Nilitaka kutoka kwa simu na kwa hiyo nyumba. Lakini Chairman hakunipa nafasi, alikuwa ashafungua mlango wa Kenge.

Tukaingia. Kenge akanguruma. Mwanga ukawaka juu kabisa.

"Lindi," nikasema, na sauti ilitoka kama ya kuku mgonjwa. Chairman akaniambia niongeze. "Lindi!"

Tukakimbia juu, watu tisa.

Korosho akakimbia chini.

Akakufa huko na sumu, peke yake. Na bila Korosho hakuna wa kumzuia Kenge. Alikuja kwetu akatumaliza mmoja mmoja kama mtu anakula njugu.

Mtu mmoja akasema Uji imepoa. Wakacheka. Nikaona sasa ndio nimekwisha.

Lakini kuna kitu kilinikera kuliko ile aibu. Sikuwa nimekosea. Nikabonyeza tena.

"Korosho, Lindi ni juu. Nilituma picha."

"Picha haikufunguka, dada, bando yangu ndogo. Nilisoma majina tu. Na Lindi ni kusini. Hata ukiniamsha usingizini nitakwambia Lindi ni kusini."

"Lindi ni hapa Kibera. Naishi hapo."

"Mimi nina shangazi Lindi. Lindi mkoa. Kwenye ramani iko chini kabisa, jirani na kwetu."

Wakuu, sikuwa najua kuna Lindi nyingine. Nilikaa kwa kiti ya Auntie nikijiuliza ni nani amechukua jina ya nani.

Chairman akasema ana wateja watatu kwa benchi, kwa hivyo inayofuata ndio ya mwisho. Kama ni Lindi tukaulizane kwa ile chama kubwa.

Watu wakaanza kubishana. Mmoja anasema Korosho ajifunze ya Kibera, mwingine anasema tutumie namba. Mimi nikafikiria: Kenge akinguruma, Korosho hatakuwa na wakati wa kukumbuka mtaa wangu. Miguu yake itaenda kwa Lindi yake. Na yeye ndio hafai kukufa.

"Ngojeni," nikasema. Nilishangaa wakangoja. "Lindi inaenda chini. Kisumu Ndogo inakuja juu, Kisumu si iko kaskazini ya kwenu? Soweto ibaki hapo hapo."

"Soweto nayo iko Mbeya," Korosho akasema, "lakini hiyo nakuachia."

Nikachukua biro nikakata majina kwa diary, nikaandika upya. Yaani nilihama nyumbani kwetu kwa dakika moja.

Tukaingia.

Ilikuwa ngumu kwangu kuliko mtu yeyote. Mwanga ukiwaka juu, mdomo unataka kusema Lindi, naumeza, nasema Kisumu Ndogo. Ukiwaka chini, nasema Lindi, na Korosho anateremka bila kufikiria, kama mtu anarudi kwa shangazi yake. Nasema, wanakimbia. Naponya, nasema tena. Sauti ikaanza kuwa yangu.

Kenge akabakisha damu kidogo sana. Akanguruma mara ya mwisho, na mwanga ukawaka kando.

"Soweto! Soweto!"

Auntie akatoka jikoni na mwiko.

"Nani anaenda Soweto na ugali iko tayari?"

Chama nzima ilisikia. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekuwa na pumzi. Wote tukaingia Soweto, sumu ikapita, Korosho akapiga mara mbili, na Kenge akaanguka na ukumbi ukatetemeka.

Hiyo kelele sijawahi kuisikia. Kule kinyozi, mteja aliyenyolewa nusu kichwa alikuwa anauliza nani amekufa. Chairman akamwambia, "Kenge," kama anatangaza habari ya saa saba.

Auntie alinikalisha mezani. Nilikula ugali, simu ikiwa kando ya sahani.

Chama haikuvunjwa.

Nisiwadanganye, Jumatatu darasani sikuinua mkono. Nilidhani nitaamka mtu mwingine, wapi. Lakini Alhamisi tulipata member mpya kutoka Kampala, na mimi ndio nilimweleza ukumbi, kwa mic, mwanzo mpaka mwisho. Alirudia nyuma yangu: Kisumu Ndogo, Soweto, Lindi. Hajawahi kukanyaga Nairobi.

Funzo langu ni hili. Miaka yote nilidhani naogopa kuongea. Kumbe nilikuwa naogopa kuongea halafu mambo yaharibike. Yaliharibika, watu tisa wakafa mbele yangu, na dakika tano baadaye hao hao wakanyamaza wangoje niseme.

Kama wewe pia mic yako "imeharibika", nakujua. Hauhitaji kujitaja. Andika tu hapa chini ni nini kilikuharibikia mbele ya watu, na ni nani alikungoja. Nitajibu kila mtu, na nikiwa na bundle nitajibu kwa sauti.